Midomo ya Zambarau

Kazi ya kutazama vinywa vya watu niliipata kwa kelele. Cheti sina. Darasa la saba nilimaliza, nikabaki nyumbani Keza nalima mihogo na kugombana na mbuzi wa jirani, na yote ninayoyajua zaidi ya hapo nimejifundisha mwenyewe, kwa kusoma magazeti yanayofungia maandazi na kwa kuuliza watu mpaka wananichoka.

Mwaka ule wakimbizi walipovuka mto, vilima vyetu vikageuka bluu kwa maturubai, mimi na mama yangu mdogo tulikwenda kambini kuuza ndizi. Tukapita karibu na hema la meno. Ndani kulikuwa na bibi mmoja wa Kinyarwanda ameshika shavu, na daktari anamuuliza kwa Kiswahili safi kabisa, taratibu, kama anasoma misa: je, jino linauma ukinywa cha moto au cha baridi? Na bibi anamjibu kwa Kinyarwanda kwamba kuni zimekwisha na mwanamke wa hema la pili ni mwizi. Daktari anaitikia kwa kichwa na kusema, "Ahaa. Cha baridi."

Nilishindwa kuvumilia. Nikapiga kelele kutoka nje na mkungu wangu kichwani.

"We daktari! Huyo anakwambia habari za kuni! Utamng'oa jino la bure!"

Kihangaza chetu na Kinyarwanda chao vinasikilizana. Daktari alitoa kichwa nje ya hema, mwembamba, mtu wa huko Tanga, taa imefungwa kwenye paji la uso kama mchimba madini. Akanitazama mimi, akautazama mkungu.

"Ndizi weka chini," akasema. "Njoo huku ndani, mkalimani."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Mama mdogo aliuza ndizi peke yake, na mpaka leo analalamika.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri na kushika tochi. Lakini ukishika tochi huwezi kufumba macho, na mimi nikiona kitu lazima niulize. Nilidhani daktari wa meno ni mtu wa koleo: unaingia, anavuta, unatoka unatema damu. Kumbe sehemu kubwa ya kazi yake ni kutazama. Alikuwa na neno moja ambalo alilisema mpaka nikaliota: "Usiguse. Tazama." Ukimwambia umetazama, anasema, "Tazama tena."

Akanifundisha kwamba kuna magonjwa ya mdomo ambayo hayana habari na meno kabisa. Yanaletwa na virusi, vitu vidogo kiasi kwamba hata miwani ya babu yako haivioni. "Vyenyewe huvioni," alisema. "Unaona nyayo zake." Hapo nikamwelewa vizuri sana, maana sisi Keza tunajua nguruwe pori amepita shambani bila kumwona nguruwe mwenyewe. Unatazama amefukua wapi, mhogo gani ameuacha, ametokea upande gani wa uzio. Mdomo nao ni hivyo hivyo. Kila kirusi kina mahali pake pa kufukua.

Siku moja aliletwa mtoto anakohoa, macho mekundu, analia bila machozi ya maana. Mama yake alisema ni meno yanaota. Daktari akamfunua shavu kwa ndani, pale karibu na magego, nami nikamulika. Nikaona vidoa vyeupe vidogo vidogo, kama chumvi imemwagika kwenye kitambaa chekundu. Daktari alimbeba yule mtoto mwenyewe, akatoka mbio na taa yake ya usoni, mpaka hema la wagonjwa wa kutengwa. Surua! Upele ulikuwa haujatoka hata mmoja. Ulitoka baadaye, wote tukiwa tunaungoja. Mimi nilizunguka hema nikijipiga mapaja kwa mshangao. Mtu anaona surua kupitia shavuni kabla ngozi haijajua!

Mzee mwingine alikuwa na malengelenge kwenye kaakaa, na uso unawaka moto. Nikamulika. Malengelenge yamejaa kulia, kushoto hakuna hata moja. Yamefika katikati yakasimama, pah, kama yamekuta mpaka wa shamba la mtu mkali. Daktari akasema hiyo ni alama ya mkanda wa jeshi: hufuata mshipa wa fahamu wa upande mmoja, na mshipa hauvuki katikati, basi nao hauvuki. Nilimtafsiria mzee. Mzee akanijibu kwamba alijua tu, upande wa kulia ndio aliolalia njiani walipokuwa wanakimbia. Sikubishana naye. Nilikuwa nimefurahi mno.

Na malengelenge ya mdomo wa nje, yale ambayo kwetu kila nyumba inayajua, nilifundishwa pia. Kirusi chake watu wengi wanakipata utotoni. Wengine hawaugui kitu. Wengine wanavimba fizi zote, zinakuwa nyekundu, mtoto anatokwa udenda na hataki kula, na mama anasema meno. (Kila kitu mama anasema meno.) Halafu mtu anapona, lakini kirusi hakiondoki. Kinakwenda kulala kwenye mshipa wa fahamu, huko ndani karibu na sikio. Siku ukipata homa, au jua kali, au mawazo, kinaamka, kinateremka njia ile ile na kutokea mahali pale pale. Kwanza panawasha. Halafu panatoka vilengelenge vimebanana kama punje za ulezi. Halafu vinapasuka, panakuwa na maji maji, halafu kigaga, halafu basi.

Nikawa sishikiki. Nilikuwa nawatazama watu vinywa sokoni wakati wanapunguza bei ya nyanya. Nikienda nyumbani, baba alikuwa anakula amenigeuzia mgongo. Kanisani watu wakifungua vinywa kuimba, mimi macho hayakai kwenye madhabahu.

Sasa nikwambie kuhusu pacha wangu.

Siyo pacha wa tumbo moja. Tulizaliwa majirani, msimu mmoja, na mama yangu alipougua baada ya kunizaa, mama yake ndiye aliyeninyonyesha, mmoja titi la huku, mwingine titi la kule. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, kabla hata hatujawaza kuzaliwa. Wana shamba, wana kahawa, wamezika watu wao Keza. Lakini wakimbizi wapya walipokuja, watu wakaanza kukumbuka ya zamani. Pacha wangu akiteka maji anasikia mtu anasema, "Huyo naye wa kambini." Wa kambini! Aliyezaliwa nyumba ya pili na yangu! Nimegombana na watu kwa neno hilo mpaka katekista alinipangia sala maalumu ya upole. Haikusaidia.

Basi akapata mchumba, Msubi wa Kaniha, kule Biharamulo. Kijana mpole, masikio makubwa, alikuwa analeta mihogo mikavu kuuza huku wakati wa wakimbizi. Alipomwona pacha wangu alisahau gunia moja kwenye mizani. Mambo yakaenda vizuri, mshenga akatumwa, ng'ombe wakasemwa, ikabaki siku ya kupokea jibu. Kwetu siku hiyo ina jambo moja ambalo ndilo lenyewe. Linatolewa buyu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mrija mmoja. Binti anavuta wa kwanza, kuonyesha kwamba nyumba yao haina sumu. Halafu mrija huo huo anampa mwanamke mkubwa wa upande wa kijana, naye anavuta bila kuupangusa. Ukipangusa mrija umewatukana. Ukikataa kuvuta, umeivunja ndoa, mchukue ng'ombe wenu mrudi.

Wiki ya siku yenyewe nilikuwa kambini, naita watu kwenye foleni. Nikaona mwanamke amejifunika kanga mpaka machoni kama jambazi.

"We mama wa kanga! Huku tunatibu mdomo, siyo kanga! Toa!"

Akatikisa kichwa.

"Toa nikuone, watu wanangoja! Umeiba jino la nani?"

Akateremsha kanga. Alikuwa pacha wangu. Na midomo yake, jamani, midomo yake ilikuwa ya zambarau. Siyo kidogo. Juu, chini, mpaka karibu na pua, kama mtu aliyekunywa wino wa wilaya nzima.

Nilicheka. Naapa sikutaka. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na foleni yote ikacheka kwa Kinyarwanda. Halafu nikaona machozi yake, nikasimama na kuwageukia wale waliokuwa wanacheka.

"Mnacheka nini? Nani kawaruhusu?"

Alinieleza huku analia. Alikuwa ameugua malaria. Malaria ilipopungua, vilengelenge vikatoka kwenye mdomo wa chini. Mama yake akafurahi, maana kwetu wanasema hiyo ndiyo homa inatokea mdomoni, umepona. Lakini siku ya buyu ilikuwa imekaribia, mama akataka homa iharakishe kutoka. Sokoni siku hizo kila kitu cha kambini kilikuwa kinauzwa, blanketi, makopo ya mafuta, sabuni, na ile dawa ya zambarau, jivii. Akanunua chupa. Akampaka mwanawe, na kwa kuwa ni mama mwenye upendo, akampaka tena juu yake.

Na jivii ile kambini kila mtu alijua inapakwa kina nani. Waliojaa utando mweupe mdomoni, wale wa hema la mwisho, ambao watu wanasema kwa sauti ndogo, "ugonjwa ule".

"Shangazi yake ameniona," pacha wangu akasema.

"Shangazi wa nani?"

"Wa mchumba. Amefika mapema, amefikia kwa watu wake hapo Nyamiaga. Nimekutana naye sokoni. Nilimwamkia, shikamoo shangazi. Hakuitika. Alinitazama mdomo, akamwambia mwenzake, 'Si niliwaambia hawa wa kambini?' Halafu akasema buyu watakuja kuliona, lakini mrija huo yeye hagusi."

Damu ilinipanda nikahisi joto masikioni. Nilitaka kwenda Nyamiaga saa hiyo hiyo na koleo la daktari. Daktari ndiye aliyenizuia, alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote.

"Mkalimani. Kelele baadaye. Mlete akae."

Alipokaa, daktari hakumfungua mdomo kwanza. Alimwambia aonyeshe kwa kidole panapouma. Halafu akapangusa zambarau taratibu kwa pamba yenye maji. Haikutoka yote, ile dawa haina adabu, lakini ilififia kiasi cha kuona. Mimi nikashika tochi kwa mikono miwili. Maana nilikuwa najua ya kutosha kuogopa, na sikuwa najua ya kutosha kutulia.

"Kabla havijatoka, palikuwaje?"

"Palikuwa panawasha. Kama nimegusa pilipili."

"Umewahi kutokwa hivi siku za nyuma?"

"Ndiyo. Nilipougua mwaka wa komunyo."

"Wapi?"

Akaweka kidole pale pale. Pale pale! Nilitaka kuruka. Daktari akanikanyaga mguu.

Akamvuta mdomo, akautazama kwa ndani, akamulika mashavu, akatazama kaakaa, akamwinulia ulimi, pembeni, chini. Akapapasa shingo chini ya taya. Alichukua muda mpaka nikaanza kuhesabu mishono ya turubai.

"Mkalimani, unaona nini?"

"Vimebanana kama ulezi. Vipo ukingoni, pale ngozi inapokutana na mdomo. Vinaanza kushika kigaga. Ndani hakuna utando mweupe. Kaakaa ni safi. Ufizi ni safi."

"Tazama tena."

Nikatazama tena. "Safi, daktari!"

"Ni safi," akasema. "Binti, hiki ni kirusi cha malengelenge cha kawaida. Malaria ndiyo iliyokiamsha. Homa haikutokea mdomoni, homa imeamsha mtu aliyelala. Ule ugonjwa watu wanaousema hautambuliwi kwa kutazama midomo, unapimwa kwenye damu. Kidonda kingekaa zaidi ya mwezi bila kupona, au kingeenea ndani, ningekutuma ukapime. Hiki ninachokiona hapa kitakauka na kuondoka chenyewe. Acha zambarau. Paka mafuta kidogo kisipasuke. Osha mikono, usijiguse macho, usibusu watoto."

Nilimkumbatia pacha wangu. Nilianza kuimba. Daktari akaongeza, kwa ile sauti yake ya misa:

"Na mpaka kigaga kidondoke, usinywe na mtu kwa chombo kimoja."

Nikaacha kuimba.

"Na mrija?"

"Mrija ndiyo kabisa."

"Daktari, Jumamosi ndiyo siku ya mrija! Bila mrija hakuna ndoa!"

"Kigaga hakijui Jumamosi."

Nilimfokea. Nilimwambia amesoma sana na hajui watu. Nilimwambia huko Tanga labda watu wanaoana kwa vikombe. Aliosha mikono yake mpaka nikamaliza.

"Mimi sijakataza ndoa," akasema. "Nimekataza mrija. Tafuteni akili."

Jumamosi tukafunga turubai uani kwa kina pacha wangu, tukaazima mabenchi ya kigangoni. Mama yake alikuwa ameficha ile chupa ya jivii lakini nilimwona anaitupia jicho, anatamani. Bibi harusi wetu alikaa kwenye mkeka, midomo bado ina zambarau ya kufifia, kama kunde. Mimi nikakaa kando yake. Kazi ya msindikizaji ni kukaa kimya na kutabasamu. Walinichagua mimi kwa mapenzi, siyo kwa akili.

Wakaja. Kijana na masikio yake, amechoka kwa hofu. Babu yake, mzee mdogo asiye na jino hata moja, anacheka kila kitu. Na shangazi, mrefu, kitambaa kimefungwa kichwani kama mnara wa kanisa. Alikaa kwenye benchi kama benchi lina deni naye. Na alikuwa anajikuna. Hapa, pembeni ya mdomo wa juu, kwa ukucha wa kidole gumba. Anaacha, anazungumza, anajikuna tena.

Buyu likatolewa. Mrija ukasimama ndani.

"Kabla ya yote," shangazi akasema, "sisi tumekuja kwa heshima. Lakini midomo ile kila mtu ameiona. Mimi nina watoto nyumbani. Siwezi kuvuta mrija wa mtu wa kambini halafu nipeleke ugonjwa Kaniha."

Mama yake pacha wangu akainamisha kichwa. Kijana akasema, "Shangazi, tafadhali," kwa sauti ya mbuzi aliyefungwa. Pacha wangu alinishika mkono tu, kwa nguvu, maana ananijua.

Haikusaidia. Nilikuwa nimeshasimama.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba," akasema, kwa kuwa mbele ya wakwe hata mtu mkali hawezi kuikataa ile.

"Hapo unapojikuna panawasha?"

"Nini?"

"Hapo. Juu. Panawasha, panawaka kidogo kama pilipili?"

"Ni vumbi la barabara! Na wewe ni nani wa kuniuliza?"

"Mimi nashika tochi ya daktari wa meno. Kiangazi cha mwaka jana si palitoka vilengelenge, hapo hapo?"

Babu ndiye aliyejibu. Alipiga goti lake akacheka mpaka fizi zote zikaonekana.

"Mwaka jana tu? Kila kiangazi! Mdomo wake ukipasuka ndiyo tunajua jua limekolea!"

"Baba!" shangazi akapiga kelele. "Hiyo ni homa! Mimi huwa ni homa tu inatokea!"

"Na yeye ni homa tu!" nikasema, na sauti yangu nadhani ilifika kambini. "Ameugua malaria, imemtokea pale pale ilipomtokea akiwa mtoto, na daktari ameutazama mdomo huo ndani na nje mpaka mimi nimechoka! Kumbe ikitoka kwako ni homa, ikitoka kwa mwenzako ni ugonjwa? Yako imezaliwa Kaniha, yake imezaliwa kambini? Huyu amezaliwa nyumba ile pale! Nimenyonya naye titi moja! Hiyo zambarau mama yake kampaka kwa mapenzi, kama angekuwa na rangi ya dhahabu angempaka dhahabu!"

Watu wakaguna. Mama mtu akaanza kulia na kucheka pamoja. Shangazi alijishika mdomo pale panapowasha, akamtazama pacha wangu, akatazama tena, kwa muda mrefu, na nikamwona uso unalegea.

"Na wewe huanza kuwasha kwanza?" akamuuliza, polepole.

"Ndiyo, shangazi. Siku moja kabla."

"Kwenye jua?"

"Na nikiwa na mawazo."

Shangazi akapumua. "Basi," akasema, "leteni huo mrija tuvute yaishe."

Kijana aliruka kwenye benchi. Watu wakapiga vigelegele. Pacha wangu akanyoosha mkono kwenye buyu, na mimi, mimi niliyekuwa nimeshinda vita vyote, nikasikia sauti ya daktari kichwani, nikapiga kelele:

"Hapana! Hakuna kuvuta!"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Huyu binti anataka nini hasa?"

Ilibidi nieleze. Kwamba mmoja ana kigaga, mwingine panawasha, na huo ndio wakati mbaya kuliko wote, kirusi kinatembea kwa mate. Kwamba haisaidii kusema wote wanacho, maana buyu litazunguka kwa kila mtu hapo, na watoto watakuja kunyonya mrija huo mkisinzia, mnawajua watoto. Shangazi akauliza sasa ndoa inakwendaje bila mrija. Nikasema sijui. Nilikuwa sijui kabisa.

Babu ndiye aliyeinua fimbo yake.

"Mtu akiwa kwenye dawa, si anavutiwa mrija na mtu wa damu yake? Zamani tulifanya hivyo. Shangazi yenu yuko kwenye dawa. Mimi ni damu yake, mimi nitavuta kwa niaba yake." Alikuwa ameshajisogeza karibu na buyu. "Na binti, nani anamvutia?"

"Mimi," nikasema.

"Wewe ni damu yake?"

Mama yake pacha wangu akasimama, akafuta machozi kwa kanga.

"Huyu ni maziwa yangu," akasema. "Maziwa ni damu."

Hakuna aliyebisha. Nikapiga magoti mbele ya buyu. Lakini nilikuwa nimeshaharibika kwa ile kazi, sikuweza. Nikatoa tochi kwenye kiuno.

"Babu, samahani. Fungua kinywa."

"Haaa!" akafungua, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Nikamulika. Kaakaa, mashavu, chini ya ulimi, ukingo wa midomo. Fizi za waridi, safi, laini kama za mtoto mchanga.

"Mzima!" nikatangaza, na vigelegele vikapigwa kama nimemposa mimi.

Nikavuta. Nikampa. Akavuta bila kupangusa, akasema ni kidogo, hakuhisi ladha vizuri, turudie. Tukarudia. Kila jambo lililosemwa siku hiyo, la ng'ombe, la siku ya harusi, la kanisa gani, lilihitaji kupigwa muhuri kwa mrija, na kila muhuri ulikuwa wetu sisi wawili, wengine wakimiminiwa kwenye vikombe vyao. Ilipofika jambo la mabenchi yarudishwe na nani, nilikuwa nimemwegemea babu na tunaimba nyimbo tofauti kwa wakati mmoja. Na pembeni, shangazi na pacha wangu wamekaa mkeka mmoja, midomo mikavu, wanatutazama kama watu wazima wanavyotazama watoto wanaocheza kwenye tope. Pacha wangu akatoa kopo lake la mafuta, shangazi akanyoosha kidole.

"Siyo kopo moja!" nikapiga kelele kutoka mbali. "Kila mtu na kopo lake!"

Hiyo ndiyo sentensi ya mwisho ninayoikumbuka.

Jumatatu daktari alinisikiliza mpaka mwisho, anaosha mikono. Halafu akaniambia kwamba hata mdomo unaoonekana mzima unaweza kubeba kirusi na kukitoa kidogo bila dalili, kwa hiyo tochi yangu haikuwa na uhakika kama nilivyodhani. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kabla ya buyu. Akasema sikuuliza, nilikuwa nafoka.

Harusi ilipofika, midomo ya pacha wangu ilikuwa safi, huwezi kujua palitokea nini. Gari la kumpeleka Kaniha lilikuwa linanguruma barabarani na mimi nimelishikilia mlango, nagoma kuufunga, nalia kwa sauti kubwa kuliko mama yake. Shangazi akashuka, akanitoa mkono wangu kidole kimoja kimoja kwenye mlango. Halafu akatoa kwenye pochi makopo mawili ya mafuta, mapya. Moja akamwekea pacha wangu mapajani.

"Hili lako," akamwambia. "Hili langu. Tusichanganye, mgonjwa mwenzangu."

Akaingia, akakaa karibu naye, akamsogezea kanga yake begani kwa ajili ya vumbi.